Picha Aliyoifuata Mama

Mdogo wangu anaishi ndani ya gari. Nawaambia mapema ili tusisumbuane huko mbele, maana kila nikilisema hilo saluni mteja huinua kichwa kutoka kwenye sinki, povu linamchuruzika shingoni, anauliza, "Kwani amefukuzwa nyumba?" Hajafukuzwa na mtu. Alikuwa na kazi benki, sare imepigwa pasi, kiti kinazunguka. Siku moja akanunua gari kuukuu la kubebea mizigo, la kijani, akang'oa kila kilichokuwa nyuma, akatia kitanda, jiko la gesi na sanduku la kamera, akatuaga kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi. Tangu hapo kazi yake ni kupanda milima, kukata majangwa, kulala kando ya mito, kupiga picha na kuandika kwenye blogu yake.

Nyumbani tulimwita Kiguu na Njia tangu anajifunza kutembea, kwa sababu ukigeuka tu hayupo. Tukafupisha, akawa Kiguu. Blogu nayo akaipa jina hilohilo, na sasa kuna watu wasiomjua hata chembe wanamwita Kiguu, Kiguu, utadhani walimlea wao. Mimi niliyembeba mgongoni nikimbembeleza ndio nasoma habari zake pamoja na umma.

Mimi ni msusi. Saluni iko mbele, nyumba iko nyuma, katikati kuna pazia. Mama hushinda kwenye kile kiti chenye kofia ya kukaushia nywele, kilichokufa zamani, na hataki kitolewe kwa sababu kinamtosha mgongo. Anakaa pale anasikiliza umbea wa wateja na kujifanya hasikii. Lakini kabla sijafungua mlango, kabla hata sijachemsha maji, lazima kwanza anipe simu.

"Hebu tuone mtoto ameamkia wapi."

"Ameamkia jangwani, mama."

"Amekula?"

"Hajaandika."

"Sasa ameandika nini?"

"Ameandika, 'Ukimya wa huku una uzito.'"

"Ukimya una uzito. Na yeye je? Amekonda?"

Hapo ndipo penye kasheshe, kwa sababu Kiguu haonyeshi uso wake. Utaona mlima, utaona kikombe cha chai kimewekwa juu ya jiwe, utaona buti zake zimening'inia juu ya bonde hadi tumbo likuume. Akijitokeza sana ni mgongo tu, na kofia. Mama alikuwa akisema mgongo wa mwanawe anaujua sasa kuliko fundi nguo. Nimewahi kumuuliza Kiguu kwa nini, akasema msichana anayesafiri peke yake hauzi sura. Haya, sawa. Lakini nyumbani kuna mtu anaitafuta hiyo sura.

Msiniambie habari ya simu ya video. Tulijaribu. Mtandao wake ni wa kubahatisha, anasema "Mama shika—" halafu uso unaganda, mdomo wazi, jicho moja nusu. Mama akasema hataki kumkumbuka mwanawe katika hali ile, tukaacha.

Nasema kumkumbuka kwa sababu maalumu. Mama alianza kumwaga chai pembeni ya kikombe. Nikadhani uzee. Halafu akaanza kugonga bega kwenye mlango, upande uleule kila siku, na kuulaumu mlango. Siku alipompita jirani yetu barabarani bila salamu, na jirani akaja kuninunia mimi, nikampeleka hospitali. Daktari wa macho, mwanamke mpole mwenye mikono baridi, alitueleza kwamba ni presha ya macho, imekaa muda mrefu bila kujulikana. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kwenda. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kupitia bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba.

"Kilichokwenda hakirudi," daktari alisema. "Hiki kilichobaki tutakilinda kwa dawa ya matone. Lakini sitakudanganya, mama. Kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu."

Tukatoka. Nje ya hospitali mama akasimama kwenye ngazi, akashika mkono wangu, akasema, "Mimi nataka kumwona Kiguu."

"Nampigia leo hii. Atakuja mbio."

"Thubutu." Alinibana mkono ukauma. "Usimwambie. Ukimwambia atakuja kwa huruma, atakaa pembeni ya kitanda ananiangalia kama mgonjwa, na mimi nitakuwa naangalia uso wa mtu anayelia. Nataka aje kwa hamu."

"Na asipokuja kwa hamu?"

"Basi."

Mwenzenu ndani nilikuwa natokota. Kwa sababu Kiguu tulimjua. Kila mara ni mwezi ujao. Akimaliza mlima huu. Akishavuka mpaka ule. Miaka ilikuwa inakaribia mitano tangu atuage, na mwezi ujao haujawahi kufika. Mama anapewa bomba la kuchungulia dunia, na mimi naambiwa nisubiri mtu apate hamu.

Basi tukaendelea hivyo. Asubuhi matone, halafu simu. Mama akawa anaishika karibu kabisa na pua, anaizungusha taratibu ili ile picha ipite yote mbele ya jicho, kipande kwa kipande. Anakagua kila kivuli, eti huenda Kiguu amejisahau akaonekana kwenye kioo cha gari. Siku moja alipata kiwiko. Alikifurahia kile kiwiko wiki nzima, na wateja wote walilazimika kukitazama.

Halafu ikaja picha ya maporomoko. Maji yanashuka kwenye mwamba mweusi, chini kuna jiwe pana, juu ya jiwe kuna ile kofia. Maneno yalikuwa: "Nimeamkia hapa, na kwa mara ya kwanza sina haraka. Nadhani nitakaa mpaka nichoke, na sidhani kama nitachoka." Na chini akataja kambi yenyewe kwa jina, akamsifu mwenye kambi kwa maji yake ya moto.

Nikaitafuta hiyo kambi kwenye ramani ya simu. Ni safari ya basi ya kutwa moja kutoka mlangoni kwetu.

Nitasema ukweli, moto uliniwaka. Mtu yuko karibu kiasi hicho na hapiti kusalimia? Anamsifu mtu baki kwa maji ya moto na mama yake anamkagulia kiwiko? Nilitaka kumpigia nimpe za uso. Mama ndiye aliyenizuia, tena anatabasamu.

"Hujasoma? Ameandika hana haraka. Atakaa. Sasa mimi na wewe hatuna miguu?"

"Kwa hiyo tumfuate?"

"Tumtokee. Aone raha mtu anapotokewa."

Nilifunga saluni. Nilibandika karatasi mlangoni, nikamkabidhi jirani funguo, nikamsuka mama mistari midogo inayolala vizuri, kwa sababu alisema hawezi kwenda kumwona mtoto na kichwa cha kulalia. Alivaa gauni la bluu. Ndani ya basi alikaa dirishani lakini hakutazama nje hata kidogo. Alifumba macho. Nikamuuliza kama kichwa kinamuuma.

"Nalipumzisha," akasema. "Nisije nikalichosha kwa miti."

Tulifika jua likiwa bado lina nguvu. Kambi ilikuwa uwanja wa nyasi, vibanda vichache vya mbao, bafu la matofali na tangi la maji juu ya kilima kidogo, na ngurumo ya maporomoko inasikika muda wote. Gari la kijani halikuwepo. Nikajiambia labda limeegeshwa nyuma. Mwenye kambi alitoka chini ya sinki la nje, buti za mpira miguuni na spana mkononi, akatukaribisha vizuri tu.

"Tumekuja kwa yule dada wa gari la kijani," nikamwambia. "Mpiga picha."

"Aa, Kiguu." Uso ukamchangamka. "Mbona ameondoka siku nyingi?"

"Ameondoka vipi? Juzi tu ameandika ameamkia hapa." Nikamtolea simu. "Soma mwenyewe. Nimeamkia hapa. Sina haraka."

Hakuisoma. Alifuta mikono kwenye suruali, akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Dada, hawa wanaolala kwenye magari ndivyo wanavyofanya. Hapa wanapita wengi, na wote ni hivyohivyo. Mtu yuko peke yake, akisema nipo mahali fulani, kesho mtu asiyemjua anamgongea kioo. Kwa hiyo picha ya mahali haiwekwi mpaka mwenyewe ameshaondoka na amefika mbali. Anaandika siku hiyo, ndiyo, anaandika kabisa nipo hapa, lakini anaifungia, anaipangia siku ya kutoka. Inakuja kutoka baadaye yenyewe. Hii ya maporomoko ni ya kama mwezi na zaidi."

"Kwa hiyo hata jangwani..."

"Alipoitoa ya jangwani ndiyo alikuwa hapa kwangu. Niliiona ikitoka, yeye amekaa pale."

Mama alikuwa amesimama kando yangu, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Akaomba kiti. Mwenye kambi akakimbilia kiti, akamweka chini taratibu, kama aliyehisi kitu.

"Siku ile ya jangwani," mama akasema, "nilimwombea usiku kucha dhoruba ya mchanga isimkute."

Akauweka mkoba magotini.

"Kumbe dua zangu zote zimekuwa zikienda alikohama." Halafu akacheka, kicheko chembamba ambacho sikukipenda. "Sasa yuko wapi hivi leo? Hivi, saa hii?"

Mwenye kambi hakujua. Alitupa kibanda, akatuonyesha lile bafu la maji ya moto yaliyosifiwa duniani, na akatuelekeza kwamba mtandao unapatikana juu tu, kwenye tangi la maji, upande wa kulia, ukisimama karibu na bomba. Nikapanda. Namba ya Kiguu haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikasimama pale na hasira zangu zote na hakuna wa kumpa, hadi mwenye kambi akaja kuniambia, "Mwandikie kwenye blogu. Hiyo huwa anaifungua kabla ya kitu chochote akipata mtandao."

Mama aliniita kutoka chini, nami nikajua anachotaka kusema kabla hajasema. "Macho yangu usiyaguse."

Basi nikaandika chini ya picha ya maporomoko, pale wanapoandika wasomaji: "Kiguu, mama yako amekaa ndani ya picha hii. Amekufuata. Wewe uko wapi?"

Mnajua kilichotokea? Watu wakapenda. Mioyo, maua, makofi. Mmoja akaandika, "Maneno mazito sana haya, yamenigusa." Mwingine akauliza kama ni shairi langu mwenyewe. Nilitaka kuivunja simu kwenye lile bomba.

Asubuhi nilimpeleka mama kwenye maporomoko. Alitaka kuona lile jiwe pana. Tulishuka polepole, mimi mbele, yeye kashika bega langu, na tulipofika alilitafuta jiwe kwa jicho lile moja, akalipata, akalizunguka, akakaa palepale ilipokuwa kofia. Akapapasa jiwe kwa kiganja. "Hapa," akasema. Halafu akafumba macho na kukaa hivyo asubuhi nzima, maji yananguruma, na kila nilipomsemesha alinijibu bila kufumbua.

Mchana nilipokuwa kwenye tangi simu ikaita.

"Dada, umeandika nini kule?" Sauti ilikuwa inakatika. "Ni utani?"

"Mimi nina sura ya utani?"

"Mama yuko wapi?"

"Amekalia jiwe lako."

"Kwa nini amekuja?"

"Kukuona."

"Anaumwa? Dada, niambie ukweli. Mama anaumwa?"

Hapo ulimi wangu ulikuwa mwepesi kuliko siku zote. Neno moja tu, na yule mtu angegeuza gari bila kufikiri. Lakini mama alikuwa amekwisha panda nyuma yangu, sijui alipandaje peke yake, anahema, ameshika ukingo wa tangi. Akanyoosha mkono nimpe simu. Nikampa.

"Siumwi," mama akasema. "Nilikuwa na hamu na wewe. Tukasoma uko hapa, tukaja."

Sikusikia upande wa pili. Niliona tu mama anaitikia, anaitikia, akasema, "Usilie, unaendesha." Akasema, "Kama ni mbali, ni mbali." Mwisho akasema, "Haya. Njoo taratibu. Usilikimbize gari." Akanirudishia simu.

"Anakuja?"

"Anageuza."

Tukasubiri siku kadhaa. Sijawahi kusubiri hivyo maishani, na mimi ni mtu nimesubiri nywele za watu zikauke miaka yote. Mama alikuwa analitunza jicho kama mtu anayetunza akiba ya maji. Alitoka kibandani kwa kunishika, akala macho yamefumbwa, akajifunga kitambaa jua likiwa kali. Nilimwambia haliishi kwa kutumiwa, daktari hakusema hivyo. Akanijibu daktari alisema mengi, hilo huenda alilisahau. Nikimwonyesha ndege mzuri anasema mwache apite. Nikimwambia machweo yanapendeza anasema nitamsimulia. Nilimtia matone, nikamkanda miguu, nikamsoma usoni kutwa nzima, na yeye hakufumbua jicho kwangu hata mara moja. Iliniuma. Nasema wazi, iliniuma, na nikaona haya kuumwa na kitu kama hicho kwa umri wangu.

Gari la kijani liliingia mchana wa jua kali, limejaa vumbi hadi halina rangi. Tulikuwa kwenye jiwe. Kiguu aliteremka mbio mteremko wote ule, mwembamba, mweusi kwa jua, nywele zimekatwa kwa mkasi wa mtu asiyejua kazi, kamera inamgonga kifuani. Akatukuta. Akasimama hatua chache kutoka kwetu. Nadhani alichoona ni mama ndani ya gauni la bluu, mwamba mweusi nyuma yake, maji yanashuka. Mkono ukaenda wenyewe. Akainua kamera, akaiweka usoni.

Nilitaka kumrukia. Mama alikuwa amekwisha fumbua jicho.

"Toa hicho kidude usoni, mwanangu," akasema kwa upole. "Sijapanda basi kuja kutazama kioo."

Kiguu akaishusha. Akaja akapiga magoti mbele yake, akataka kumkumbatia, mama akamshika mabega akamzuia. "Subiri. Kaa hivyo. Geukia kwenye mwanga."

Akaanza. Alianza na paji la uso, akashuka kwenye nyusi moja, akahamia nyingine. Jicho la kulia, la kushoto. Pua. Kovu dogo la kidevuni alilolipata kwa kuanguka kwenye ngazi zetu. Alikuwa anasogeza kichwa kidogokidogo kama mtu anayesoma maandishi madogo, na midomo yake inatembea. Kiguu alicheka kwanza, kwa aibu. Halafu nikaona kicheko kinamwisha. Yule ni mtu wa kutazama, ndiyo kazi yake, na alikuwa anayatazama macho ya mama yanavyohangaika.

"Mama," akasema polepole. "Unaniangalia vipandevipande."

"Ndivyo ninavyoona siku hizi. Usitikisike."

"Tangu lini?"

"Usitikisike, nimesema. Nimefika shavuni."

Kiguu hakutikisika. Machozi yalishuka na uso haukusogea, na mama aliyafuta kwa dole gumba yasimzibie, akaendelea na kazi yake hadi kwenye sikio. Alipomaliza ndipo akamvuta kifuani. Kiguu akalia pale kama siku alipoachishwa ziwa, na mimi niko pembeni nimeshika mkoba.

Baadaye alinigeukia mimi. "Na wewe ulijua."

"Nilikatazwa kusema."

"Ungeniambia, dada. Kitu kama hiki unaniambia hata ukikatazwa."

"Na wewe ungetuambia kwamba ukiandika nipo hapa, hupo. Mama yako amekuwa akiongea na kila jiwe ulilolihama."

Kiguu akakaa chini kwenye jiwe, akaivua kamera shingoni na kuiweka mbali naye, kana kwamba inanuka. Mama akasema tusigombane, hajaja kusikiliza kelele, kelele zitakuwepo siku zote. Kiguu akasema anarudi nyumbani, gari ataliuza, basi, imetosha.

"Utatupeleka nyumbani," mama akasema. "Hilo la kuuza tutalizungumza ukishaoga."

Tukaondoka siku ya pili. Mbele kulikuwa na kiti cha watu watatu: Kiguu kwenye usukani, mama katikati, mimi dirishani. Nyuma sufuria zinagongana. Mama alikuwa mtu mwingine kabisa. Alisimulia, alitania, alimuuliza Kiguu nani alimkata nywele ili dada yake akamshtaki. Macho yake yalikuwa wazi sasa, anayatumia ovyo, anatazama barabara, anatazama mkono wa Kiguu kwenye gia. Katikati ya maongezi akashusha pumzi ndefu.

"Sasa hata likifunga, lifunge. Nilichokuwa nakitaka nimekiona."

Kiguu akamshika goti. Mimi nikageukia dirishani, nikayatazama mashamba yanapita, nikajiambia nyamaza, nyamaza wewe mtu mzima, mama amefurahi, unataka nini tena. Nikanyamaza kwa kilima kizima. Kilichofuata kikanishinda.

"Na mimi je?"

"Na wewe nini?" mama akauliza.

"Mimi hujanitazama."

Kiguu akanichungulia. Mama akacheka kidogo. "Wewe? Wewe si nakuona kila siku."

"Hunioni, mama. Unanisikia. Unanishika bega. Unajua ni mimi kwa harufu ya dawa ya nywele. Nimekaa na wewe hapo kwenye jiwe siku zote zile na jicho umelifunga kwa sababu lilikuwa na mwenyewe." Nikamgeukia. "Mimi sijaondoka, ndiyo. Lakini na mimi nina uso."

Sufuria ziligongana huko nyuma. Halafu mama akampigapiga Kiguu kwenye mkono.

"Simamisha gari."

Kiguu aliegesha pembeni, nusu kwenye lami nusu kwenye nyasi. Mama akajigeuza mzima kwenye kile kiti, akanishika kidevu kwa vidole vyake vikavu, akanielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Nilitaka kufumba macho, nikaona nikifumba nitakuwa mjinga. Nikamwachia. Akaanza juu, kwenye nywele, akakawia hapo muda mrefu.

"Una mvi," akasema.

"Ninazo."

"Tangu lini?"

"Siku nyingi, mama. Nilikuwa nazipaka rangi, nikachoka."

Akashuka. Paji la uso. Pembe za macho. Akapitisha dole kwenye ile mistari miwili inayoshuka kando ya mdomo, akairudia, kama anayeuliza imetoka wapi.

"Mwanangu," akasema. "Mara ya mwisho kukutazama ulikuwa msichana."

Lori likaja nyuma yetu likapiga honi. Kiguu akatoa mkono nje, akalipungia lipite. Mama alikuwa amefika kwenye jicho la kushoto, na hakuna kati yetu aliyesema twende.